Sura na Kweli katika Picha za Peter Lindbergh

1. Utangulizi

Sisi tunaojishughulisha na masomo ya Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Picha tunazigusa kwa nadra sana, na picha za mavazi hatuzigusi kabisa, kwa kuwa tunazihesabu kuwa ni matangazo ya biashara yasiyostahili macho ya mhakiki. Hata hivyo, vyombo vya kazi yetu havikuumbwa kwa ajili ya maandishi peke yake. Tunapouliza juu ya fani na maudhui, yaani juu ya kinachosemwa na namna kinavyosemwa, tunauliza maswali ambayo picha nayo inaweza kuyajibu.

Makala haya yanakusudia kuchunguza kazi ya Mjerumani Peter Lindbergh, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 2019. Kwa muda wa miaka zaidi ya 40 alipiga picha za mavazi na picha za nyuso, nyingi zikiwa za rangi nyeusi na nyeupe, zenye utusitusi na simanzi ambayo mtazamaji huitambua hata kabla ya kusoma jina la mpigaji. Waliomsifu wamemwita mara kwa mara mpiga picha wa ukweli: mtu aliyewaondolea wanawake rangi za usoni na kutuonyesha walivyo. Swali letu ni hili: je, sifa hiyo ni ya haki?

Jibu letu tunalitoa mapema, ili msomaji apate kulipima kadiri tunavyoendelea. Tunaona kwamba sifa hiyo si ya haki, na zaidi ya hayo inampunguzia msanii. Kile kinachoitwa ukweli katika picha zake ni mtindo uliojengwa kwa bidii na kwa ujuzi. Thamani ya mtindo huo haimo katika kutueleza mtu fulani ni nani. Imo katika kutufanya tumtazame mtu kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea.

2. Safari ya maisha

Lindbergh alizaliwa tarehe 23 Novemba 1944 katika mji wa Leszno, ambao leo ni mji wa Poland na ambao wakati huo ulikuwa chini ya Wajerumani na kuitwa Lissa. Jina lake la ukoo lilikuwa Brodbeck. Vita vilipokaribia kwisha, wazazi wake walikimbia majeshi ya Warusi, wakafanya makao yao Duisburg, katika bonde la Ruhr. Huko ndiko alikokulia: penye tanuru za chuma, dohani, reli, na anga lisilokuwa na rangi ya samawati kwa siku nyingi za mwaka. Msomaji wa Lubumbashi hahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili. Aliyekua akiiona dohani ya Gécamines na mlima wa mabaki ya madini kila afunguapo dirisha anajua jinsi mandhari ya kazi inavyoingia ndani ya macho ya mtoto na kukaa humo.

Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akaajiriwa kupamba madirisha ya maduka makubwa. Baadaye alikwenda Berlin kusomea sanaa, kisha akaelekea Arles, kusini mwa Ufaransa, kwa sababu ya mapenzi yake kwa mchoraji Van Gogh. Akazunguka hadi Hispania na Afrika ya Kaskazini kwa kuomba lifti barabarani. Aliporudi Ujerumani alisoma uchoraji katika mji wa Krefeld. Upigaji picha haukuwa ndoto yake ya awali; aliuingia mwaka 1971, alipokuwa na umri wa miaka 26. Kwa miaka miwili alikuwa msaidizi wa mpiga picha Hans Lux mjini Düsseldorf, na mwaka 1973 akafungua studio yake mwenyewe. Kwa kuwa mjini humo palikuwa na mpiga picha mwingine mwenye jina la Brodbeck, alijichagulia jina la Lindbergh. Mwaka 1978, baada ya kazi yake kutokea katika gazeti la Stern, alihamia Paris, mji uliobaki kuwa kitovu cha kazi yake.

Mambo mawili katika safari hii yana uzito kwa uhakiki wetu. La kwanza, mtu huyu alianza kwa kupamba madirisha ya maduka. Alijua tangu ujanani kwamba kitu kikiwekwa nyuma ya kioo na kuangaziwa taa huwa si kile kilichokuwa ghalani. La pili, alikuwa mchoraji kabla ya kuwa mpiga picha. Kwa hiyo hapana budi tumchukulie kuwa mtu aliyejua anachokifanya kila alipochagua mwanga na mahali.

3. Fani: kijivu, upepo na kimya

Ili kuielewa fani ya Lindbergh, yafaa tukumbuke picha za mavazi zilivyokuwa katika miaka ya 1980. Magazeti yalijaa rangi kali, nywele zilizotiwa dawa zikasimama, mabega yaliyopanuliwa kwa pamba, na nyuso zilizofunikwa poda. Taa za studio zilifukuza kila kivuli. Mwanamke katika picha hizo alifanana na chombo cha kioo, ambacho hakina historia wala uchovu.

Lindbergh alikwenda kinyume. Kwanza, aliiacha rangi. Rangi inapoondoka katika picha ya mavazi, bidhaa yenyewe hupoteza nusu ya uwezo wake wa kuuza, maana mnunuzi hajui kama gauni ni jekundu au la kijani. Kinachobaki ni umbo na uso, na kati ya weusi na weupe zimo ngazi nyingi za kijivu. Katika picha zake ngazi hizo ndizo zinazofanya kazi ambayo mwandishi huifanya kwa vivumishi. Pili, alitoka nje: ufukweni siku ya mawingu, jangwani, barabarani, viwandani. Upepo unavuruga nywele na kuzuia mkao uliopangwa. Tatu, mara nyingi aliacha nyaya, taa na vifaa vingine vya kazi vionekane, kama mwigizaji anayewaruhusu watazamaji waone nyuma ya pazia. Nne, watu wake hukaa kimya. Hata wanapotazama kamera, ni kama wameitwa kutoka katika wazo fulani na wangependa kulirudia.

Mfano mmoja utatosha. Mwaka 1988 alipiga picha za mavazi ya Comme des Garçons, kampuni ya Mjapani Rei Kawakubo, katika mji wa Pont-à-Mousson, mashariki mwa Ufaransa, mji unaojulikana kwa kalibu zake za chuma. Katika picha iliyo mashuhuri zaidi, Michaela Bercu, Linda Evangelista na Kirsten Owen wamevaa mavazi meusi na kusimama kati ya mitambo mikubwa. Ukiitazama kwa haraka, utasema ni wafanyakazi wa kiwanda wa zamani. Ukiitazama tena, utakumbuka sinema ya Fritz Lang, Metropolis, ya mwaka 1927, ambayo Lindbergh aliipenda na kuirudia mara nyingi katika kazi yake. Je, hapa tunaona ukweli wa wanawake hawa? Hata kidogo. Hawakufanya kazi katika kiwanda hicho. Tunachokiona ni kumbukumbu ya Duisburg, iliyopitishwa katika sinema ya Kijerumani ya kale na kuvalishwa kitambaa cha Kijapani. Simanzi iliyomo ni ya mpigaji na ya mahali kuliko kuwa ya wale waliopigwa. Ni fani iliyokomaa, na kama fani ndivyo inavyostahili kusifiwa.

4. Mashati meupe

Picha iliyobadilisha maisha yake ilipigwa mwaka huohuo wa 1988 katika ufukwe wa Santa Monica, jimboni California. Wanawake sita, Estelle Lefébure, Karen Alexander, Rachel Williams, Linda Evangelista, Tatjana Patitz na Christy Turlington, wamevaa mashati meupe makubwa kama ya wanaume, nyuso zao hazina mapambo mengi, na wanacheka pamoja. Wahariri wa Vogue ya Marekani wa wakati huo hawakuridhika na picha hizo, zikawekwa kando. Muda si mrefu Anna Wintour akashika uongozi wa gazeti hilo, na jalada lake la kwanza, la Novemba 1988, alimpa Lindbergh. Lilimwonyesha Michaela Bercu barabarani, amevaa koti la thamani kubwa la Christian Lacroix pamoja na suruali ya jinzi ya kawaida, macho yake yakiwa karibu kufumba kwa kicheko. Wintour mwenyewe amesimulia kwamba wachapaji walipiga simu kuuliza kama hapakutokea kosa.

Mnamo Januari 1990 likafuata jalada la Vogue ya Uingereza: Naomi Campbell, Linda Evangelista, Tatjana Patitz, Christy Turlington na Cindy Crawford wakiwa pamoja katika barabara ya New York. Wengi wanaihesabu picha hiyo kuwa mwanzo wa enzi ambayo wanamitindo walijulikana kwa majina yao kama waimbaji na wachezaji wa sinema.

Hapa mhakiki hana budi kusimama na kuuliza. Ni kweli kwamba mashati meupe yaliwaondolea wanawake hao mzigo wa poda na pamba za mabegani. Lakini wanawake wenyewe walichaguliwa kati ya maelfu kwa ajili ya uzuri wao. Methali yetu yasema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lindbergh aliachia kizuri kijiuze, akaondoa kelele za mchuuzi. Hiyo ni busara ya sanaa na pia ni busara ya biashara, na si haki kuitaja ya kwanza na kuificha ya pili. Tena tukihesabu: kati ya wanawake sita wa Santa Monica, mweusi ni mmoja, Karen Alexander. Kati ya watano wa New York, mweusi ni mmoja, Naomi Campbell. Hatusemi kwamba mpiga picha ndiye peke yake aliyepanga hesabu hiyo. Magazeti na makampuni yalikuwa na sauti kubwa. Tunasema tu kwamba picha iitwayo ya ukweli huanza kabla kamera haijainuliwa, pale inapoamuliwa nani aalikwe ufukweni na nani abaki nje. Kijivu kiwe kizuri namna gani, hakiwezi kumwonyesha mtu ambaye hakuitwa.

5. Suala la kurekebisha nyuso

Kadiri kompyuta zilivyoingia katika kazi ya magazeti, uwezo wa kufuta mikunjo na makovu, na hata wa kupunguza viuno, uliongezeka. Lindbergh aliupinga waziwazi kwa miaka mingi. Tendo lake linalokumbukwa zaidi katika ugomvi huo ni kalenda ya kampuni ya Pirelli ya mwaka 2017. Kalenda hiyo, iliyoanza mwaka 1964, ilijipatia jina kwa picha za wasichana wenye mavazi machache. Lindbergh alikuwa amekwisha kuipigia picha mara mbili, kwa miaka 1996 na 2002. Mara ya tatu aliwaalika wachezaji wa sinema mashuhuri, miongoni mwao Helen Mirren na Charlotte Rampling, waliokuwa wamefikia umri wa miaka 70, akawapiga wakiwa wamevaa nguo zao, bila kuzirekebisha nyuso zao. Mikunjo ilibaki. Kidevu kilicholegea kilibaki. Kwa kalenda ya aina ile, hayo yalikuwa mapinduzi.

Miongoni mwao alikuwemo Lupita Nyong'o, binti wa Wakenya aliyezaliwa Mexico na kukulia Nairobi, aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2014. Tunamtaja kwa sababu yaliyompata baadaye yanatuonyesha uzito wa suala hili kwetu. Mnamo Novemba 2017 gazeti moja la Uingereza lilichapisha picha yake jaladani, picha iliyopigwa na mtu mwingine, sehemu ya nywele zake za asili ikiwa imefutwa na iliyobaki ikiwa imelainishwa. Yeye mwenyewe alilalamika hadharani, na mpiga picha huyo akaomba radhi. Tukio hilo lafundisha kwamba kurekebisha picha si jambo la chunusi na mikunjo tu. Mkono ule unaofuta kunyanzi la mwanamke wa Ulaya kwa kisingizio cha kumpamba ndio unaofuta nywele za mwanamke wa Afrika kwa kisingizio kilekile. Katika jambo hili Lindbergh alikuwa na haki kabisa, na ukaidi wake una thamani ya kimaadili ambayo hatuwezi kuikana.

Lakini kukataa kufuta si sawa na kusema ukweli wote. Tukumbuke tena kwamba mwanga wa upande mmoja huchimba mikunjo, na kwamba kijivu huupa uso hadhi ya huzuni ambayo mwenye uso huenda hakuwa nayo asubuhi hiyo. Mpiga picha anayekataa kompyuta bado amechagua saa, dirisha, ukuta na pumzi ya kubonyeza kitufe. Anayemfanya mtu aonekane mwenye huzuni amemrekebisha pia, ila amemrekebisha kabla na si baada. Tofauti ya kimaadili ipo: kurekebisha kwa namna ya pili hufanyika mbele ya macho ya anayepigwa, naye anaweza kushiriki au kukataa. Kule kwa kompyuta hufanyika akiwa amekwisha kwenda zake. Kwa maoni yetu, tofauti hiyo ya ushirika ndiyo inayopasa kusifiwa mahali pa neno ukweli.

6. Uso usiojieleza

Ushahidi wenye nguvu zaidi wa hoja yetu umo katika kazi ambayo wapenzi wa mavazi huitaja kwa nadra. Kabla ya kufariki tarehe 3 Septemba 2019, Lindbergh alikuwa amekwisha kuyapanga kwa mkono wake mwenyewe maonyesho makubwa ya picha zake, yaliyofunguliwa mwaka 2020 katika jumba la Kunstpalast mjini Düsseldorf, mji uleule alikoanzia kazi. Miongoni mwa picha zipatazo 140 aliweka filamu iitwayo Testament. Katika filamu hiyo, iliyopigwa kupitia kioo kinachoonekana upande mmoja tu, mwanamume mmoja anajitazama kwa muda wa dakika 30. Hasemi neno. Ni mfungwa wa Florida aliyehukumiwa kufa kwa kosa la kumuua mtoto, na hukumu hiyo ilitekelezwa mwaka 2013.

Fani ni ileile: uso, kimya, muda. Lakini mtu aliye mbele yetu hana gauni la kuuza wala jina la kupendwa. Tunamtafuta muuaji katika uso huo, hatumwoni. Tunautafuta mzigo wa miaka gerezani, labda tunauona, labda tunauweka sisi wenyewe kwa kuwa tumekwisha kuambiwa. Wahenga walionya kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Testament inaipeleka methali hiyo mbali zaidi: hata tukiondoa nakshi yote ya mkakasi, bado hatujafika ndani. Uso mtupu si kweli tupu.

Kama Lindbergh angekuwa mpiga picha wa ukweli, filamu hii ingekuwa kushindwa kwake, maana uso haukukiri chochote. Sisi tunaiona kuwa ufunguo wa kazi yake yote. Baada ya dakika chache mtazamaji huacha kuuliza mtu huyu ni nani na kuanza kujiuliza yeye mwenyewe anatazama kwa haki gani, na anatafuta nini. Hapo ndipo tunapoelewa kwamba hata mbele ya Evangelista na Turlington simanzi ile ilikuwa na kazi hiyohiyo: kuchelewesha jicho. Picha yenye rangi na kicheko cha matangazo hutaka itazamwe kwa sekunde moja, kisha ukurasa ugeuzwe na mkono uende mfukoni. Picha ya kijivu yenye uso uliojifungia haigeuziki kwa urahisi. Ndani ya gazeti la biashara, Lindbergh aliiba muda kutoka kwa muuzaji akampa anayetazamwa. Lakini tusisahau kwamba muuzaji huyohuyo ndiye aliyemlipa, na kwamba mavazi yaliendelea kuuzwa. Utata huo haukwepeki, wala yeye hakuumaliza.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mpiga picha huyu alijenga mtindo wake kwa mandhari ya utoto, kwa sinema ya Kijerumani ya miaka ya 1920, na kwa kukataa desturi za magazeti ya wakati wake. Kwamba upinzani wake dhidi ya kufuta nyuso una haki, ila hauzifanyi picha zake kuwa ushahidi wa nafsi za watu. Na kwamba filamu ya mfungwa inatupa kipimo bora cha kazi yake kuliko majalada yaliyompa umaarufu.

Lugha yetu yenyewe inatusaidia kulisema jambo hili. Mitaani mwa Lubumbashi mtu husema foto, katika vitabu tunaandika picha. Lakini neno lililo karibu zaidi na kazi ya Lindbergh ni sura. Sura ni uso wa mtu, sura ni namna kitu kinavyoonekana, na sura ni sehemu ya kitabu. Anayesoma sura moja kwa makini amesoma jambo la kweli, ila hajakimaliza kitabu. Picha hizi tuzisome hivyo, bila haraka, wala tusimwambie aliyepigwa kwamba tumekwisha kumjua.